Bwawa la kusimamisha juu ya ardhi, ndo la kwanza, nianzie wapi kabla sijajaza maji?

uani_kwetu:
Habari zenu wakuu. Nimenunua bwawa la kuogelea lile la kusimamisha juu ya ardhi, la duara, fremu za chuma na turubai nene, upana mita 4 na nusu na kimo mita 1.2. Limekuja na pampu ndogo ya filta ya katriji, ngazi na kifuniko. Bado liko kwenye boksi. Sehemu nayotaka kuliweka ni uani, pana majani, kwa macho pako sawa ila ukitembea unahisi panashuka kidogo kuelekea ukutani. Sasa nauliza, nikimwaga mchanga ule upande ulioshuka itatosha? Na maji nitayatunzaje yasigeuke kijani, maana kila nayemuuliza ananitajia dawa yake, huyu vidonge, huyu unga, mwingine ya maji. Na nibadilishe maji kila baada ya muda gani? Watumiaji wakubwa ni watoto na wa mwisho ana miaka minne kwa hiyo sitaki kubahatisha kabisa. Natanguliza shukrani.

fundi_kiwanja:
Mkuu umefanya la maana kuuliza sasa hivi, maana likishajaa halisogezwi hilo. Piga hesabu, bwawa la ukubwa huo likijazwa karibu na ukingo linabeba kama lita 17,000, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni tani 17 zinaenda kukaa hapo uani. Maji yenyewe hayainami, kinachoinama ni bwawa. Upande ulioshuka unabeba kina kikubwa kuliko mwenzake, miguu ya fremu ya upande ule inasukumwa kwenda nje siku hadi siku, na likija kuachia linaachia lote kwa mkupuo, na maji ya tani 17 yanamkokota mtu mzima sembuse mtoto.

Kwa hiyo mchanga wa kujazia HAPANA. Usijaze upande wa chini, chonga upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Udongo wa kumwaga hata uushindilie vipi ukipata ule uzito utadidimia, ila ardhi ambayo haijafukuliwa ishajibana yenyewe miaka na miaka. Piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 2 na nusu hivi, zunguka nayo uchore duara, ndani ya hilo duara ng'oa majani yote na mizizi yake. Usilaze turubai juu ya majani, yataoza na kunuka, na kama kuna ndago ndo kabisa, ncha yake inatoboa turubai ikitafuta mwanga. Baada ya hapo chukua ubao mrefu ulionyooka, uweke pimamaji juu yake, ncha moja ikae pale kwenye kigingi na nyingine uizungushe kama mshale wa saa huku unachonga palipoinuka. Mimi siachi tofauti inayozidi sentimita 2 kutoka ukingo mpaka ukingo, ikizidi hapo narudia kazi.

Miguu ya fremu iwekee vipande bapa vya zege, uvizamishe viwe usawa mmoja na ardhi, la sivyo miguu itazama kila mmoja kwa kiasi chake. Katikati unaweza kuweka mchanga laini uliochekechwa, sentimita 3 mpaka 5 zinatosha, hiyo ni ya kulainisha tu sio ya kusawazisha. Na uache nafasi ya kupita mtu pande zote, usilibane na ukuta. Ukianza kujaza, maji yakifika sentimita 2 au 3 funga bomba, ingia peku unyooshe mikunjo ya chini yote, yakizidi hapo hutaweza tena kuivuta.

bustani_na_maji:
Yote ya fundi hapo juu nayaunga mkono isipokuwa mchanga, hapo natofautiana nae. Kama uani panashuka, mvua ikinyesha maji yanapita chini ya turubai na kuuchukua ule mchanga kidogo kidogo, unabaki na mashimo usiyoyaona. Mimi napendelea mikeka ya sponji ngumu ile ya kuunganisha, juu yake turubai la chini ndo bwawa. Na chimba kamfereji upande wa juu maji ya mvua yakatize pembeni.

fundi_kiwanja:
Ni kweli kwa mahali penye mteremko, mfereji ni lazima ukiweka mchanga. Mikeka nayo iko vizuri ila haisamehe jiwe lililobaki chini, kwa hiyo fagia kwanza.

maji_safi:
Nije kwenye dawa maana hapo ndo wengi wanachanganywa. Vidonge, unga na ya maji karibu zote ni klorini tu, tofauti ni inakuja na nini kingine. Vile vidonge vya kuyeyuka polepole vinakuja pamoja na stabilaiza (asidi ya sainuriki), ambayo inaikinga klorini na jua, na bila hiyo jua kali linaimaliza klorini ndani ya saa chache tu. Kitu kizuri, ila stabilaiza haiondoki kwa jua wala kwa filta. Kila klorini 10 (namba zangu zote za dawa ni miligramu kwa lita, kwenye karatasi za kupimia wanaandika ppm) unayoongeza kwa vidonge inaacha kama 6 za stabilaiza, zinajilimbikiza wiki baada ya wiki, na zikizidi sana klorini inakuwa ipo kwenye kipimo lakini haina nguvu, unashangaa maji yanageuka kijani na kipimo kinasema klorini ipo. Lenga 30 mpaka 50. Ikikaribia 100 dawa yake ni moja, punguza maji uongeze mapya.

Ushauri wangu, tumia vidonge mwanzoni mpaka stabilaiza ifike hiyo 30 mpaka 50, kisha hamia kwenye unga wa kalisi (kalsiamu haipokloraiti, klorini asilimia 65 kwenda 70) au klorini ya maji isiyo na manukato. Lakini usije ukachanganya unga na vidonge vikiwa vikavu, hata kwenye chombo kimoja cha kuelea ambacho jana kilikuwa na kingine, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Na klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, kila dawa na kikombe chake. Unga unatiwa kwenye ndoo yenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga.

Vipimo vyako ni hivi: klorini 1 mpaka 3, ukishakuwa na stabilaiza isishuke chini ya 2. pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) 7.2 mpaka 7.6. Alkalini 80 mpaka 120, hii ndo inaizuia pH isirukeruke kwa hiyo rekebisha hiyo kwanza, kisha pH, klorini ije mwisho. Ikiwa alkalini iko chini, bekingi soda ya kuokea inatosha, kwa lita 17,000 gramu 300 zinapandisha kama 10. Kwa klorini, gramu 26 za unga wa asilimia 65 zinapandisha 1. Weka jioni jua likishazama, pampu ikiwa inazunguka. Pima kila siku wiki mbili za mwanzo ulizoee bwawa lako, baada ya hapo mara mbili tatu kwa wiki na kila baada ya mvua kubwa au watu wengi kuoga.

Kuhusu kubadilisha maji, hayabadilishwi kwa kalenda. Maji yanayotunzwa yanakaa msimu mzima. Pampu izunguke si chini ya saa 8 kwa siku, hizo pampu za kwenye boksi ni ndogo kwa hiyo kama unaweza iache hata 12. Katriji itoe uioshe kwa mpira wa maji, katikati ya mikunjo yake, angalau mara moja kwa wiki, na uwe nazo mbili moja ikauke nyingine ikiwa kazini. Na waoge kwanza kabla ya kuingia, jasho na mafuta ya mwili vinakula klorini. Ile harufu kali watu wanayodhani ni klorini nyingi mara nyingi ni klorini iliyochoka kwa uchafu, inataka kuongezewa.

uani_kwetu:
Nashukuru sana jamani, nimeelewa mno, nachonga upande wa juu. Swali moja limebaki, ikitokea yamegeuka kijani, nikishaweka klorini ya nguvu watoto warudi lini majini?

maji_safi:
Sugua kuta na sakafu kwanza, hakikisha pH iko 7.2 hivi, weka klorini ifike 10 (kwako ni gramu 260 za ule unga), pampu isizimwe na katriji ioshe mara kwa mara maana itaziba. Ikishuka ongeza tena mpaka ukijani uishe. Watarudi kipimo kikishuka chini ya 4 NA ukiwa umesimama nje unaona sakafu vizuri. Maji yenye ukungu mtoto akizama humuoni.

bustani_na_maji:
Niongezee hapo kwa huyo wa miaka minne. Ngazi itolewe kila mkimaliza, sio kukunjwa, itolewe na ifungiwe mbali. Weka uzio wa kimo kisichopungua mita 1.2 wenye geti linalojifunga lenyewe, na pampu isikae mahali anapoweza kuikanyaga akapanda. Kifuniko cha kuzuia majani hakizuii mtoto, kinaweza hata kumfunika. Wakiwa majini awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu, simu aiache ndani, kwa sababu mtoto anazama kimya bila kupiga kelele. Na umeme wa pampu uunganishwe na fundi, swichi ya kukata umeme ukivuja ya miliampu 30, sio waya wa kuunga unaopita kwenye majani.

uani_kwetu:
Basi uzio unatangulia, bwawa linabaki kwenye boksi mpaka uishe.

fundi_kiwanja:
Sawa kabisa mkuu, na wakati unasubiri uzio chonga ardhi uiache inyeshewe mara moja mbili, kisha pima tena na pimamaji kabla hujalaza turubai.