Mjadala: Amri ya kurudi ofisini ingoje muhula wa shule uishe?

Nauleta huu mjadala kwa sababu kazini kwetu hauzungumziki. Ukiutaja tu, wenye watoto wanakaa upande mmoja na wasio nao upande mwingine. Swali langu ni hili: mwajiri akiwaamuru watu warudi ofisini, ana wajibu wowote kwa watoto wanaobaki nyumbani? Mimi nasema anao. Amri ya namna hiyo isianze katikati ya muhula, na itaje saa za kuingia na kutoka, si idadi ya siku peke yake.

Nitaeleza yaliyonifika. Mimi ni wa Mombasa, kazi iko Upper Hill, Nairobi. Machi 2020, korona ilipoingia na serikali ikahimiza watu wafanyie kazi nyumbani, tulikuwa tumepanga South B. Shule zikafunguliwa zote Januari 2021, lakini ofisi yetu ikaendelea kutuita siku moja tu kwa wiki. Mwaka baada ya mwaka ikawa hivyo. Tukahamia Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, tukapata chumba cha dada wa kazi, mtoto wetu mkubwa akaanza PP1 (chekechea) karibu na nyumbani, na mdogo sasa ana miezi kumi. Kila kitu tulikipanga kwa kutegemea hiyo siku moja. Kisha Alhamisi moja jioni ikaja baruapepe ya aya tatu: kuanzia Jumatatu, siku nne kwa wiki. Baba yao naye aliitwa mwezi huohuo, kazini kwake. (Nimeona yeye haulizwi na mtu watoto kabaki na nani. Naulizwa mimi.)

Kabla hatujafika mbali, niondoe dhana moja. Sikuwahi kufanya kazi huku nikilea. Mwenye mtoto wa miezi kumi anajua kwamba haiwezekani. Dada alikuwepo siku zote. Nilichokuwa nacho nilipokuwa nyumbani ni zile ncha mbili za siku: saa moja asubuhi nampandisha mkubwa kwenye basi la shule, saa kumi na moja na nusu jioni nafunga kompyuta na kumpokea mdogo. Dada anapumua.

Sasa natoka saa kumi na mbili kasorobo, kabla Mombasa Road haijafunga kwa foleni. Dada ameamka saa kumi na moja alfajiri kupasha uji na kuchemsha chupa. Jioni treni ikinipita, nafika saa mbili usiku, na mvua ikinyesha hata saa mbili inapita. Piga hesabu: saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku ni saa 15. Kwa siku nne ni saa 60. Amri ya mishahara ya Kenya inaweka kikomo cha saa 52 kwa wiki, tena zigawanywe kwa siku sita. Mchana anapumzika watoto wakilala, najua, lakini kupumzika na sikio liko kwa mtoto si kuwa huru. Yaani ili nitii amri ya mwajiri wangu, inabidi mimi nigeuke mwajiri anayevunja sheria jikoni kwake. Nikitaka kumweka wa pili, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113 na senti 75 Novemba 2024, na hicho ni cha chini tu. Mshahara wangu haukuongezwa amri ilipokuja.

Wiki ya pili dada alinisubiri sebuleni, watoto wamelala. Akaniuliza polepole, "Mama, sasa mimi wangu nitampigia saa ngapi?"

Ana binti wa miaka saba, anaishi na nyanya yake upande wa Mwingi. Kila jioni nikishamchukua mdogo, dada alikuwa akienda kukaa ngazi ya nyuma na kumpigia. Alikuwa akimsikiliza akisoma kitabu cha shule kwa simu, neno kwa neno, akimrudisha anapokosea. Mchana mtoto yuko darasani. Jioni dada ameshika mmoja mkononi na mwingine yuko kwenye beseni. Nikifika mimi, nyanya ameshazima simu kuhifadhi chaji, maana hapo kwao huchajisha dukani. Sikuwa na jibu. Aliyeandika ile baruapepe hajui kwamba iliandikwa pia kwa mtoto wa Mwingi.

Hapa ndipo nadhani wengi wetu tunajadili nusu ya jambo. Tunasema "mama arudi" au "mama abaki", kana kwamba kazi ya kulea inasimama hapo kungoja uamuzi. Kazi ile hubebwa na mtu mwingine, na mara nyingi ni mama mwenzetu asiye na mkutano wa kupeleka malalamiko.

Kisheria tuko wapi? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba utaje mahali pa kazi na saa za kazi, na yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Nilidhani nimeokoka. Nikafungua mkataba wangu wa kabla ya korona: mahali pa kazi, Nairobi, ofisi kuu. Kwa karatasi, hakuna kilichobadilika. Miaka yote ile tuliyopanga maisha haikuandikwa popote. Kuhusu mtoto mwenyewe, sheria inampa mama miezi mitatu ya likizo na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mahali pa kazi pawe na chumba cha kunyonyeshea, na chetu kinawekwa makatoni ya karatasi. Tanzania angalau sheria ya ajira ya 2004 inamruhusu mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Uingereza, tangu Aprili 6, 2024, mfanyakazi anaweza kuomba mpangilio tofauti wa kazi toka siku ya kwanza, na mwajiri lazima ajibu ndani ya miezi miwili. Kuomba si kupewa, lakini angalau kuna mlango wa kubisha.

Karibuni mchangie. Msinionee haya.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Mmoja ameandika kwamba wauguzi, walimu na dada zetu wanaoshona nguo EPZ ya Athi River (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kukaa nyumbani, basi sisi wa kompyuta tunadeka. Limenigusa, kwa kuwa mamangu alikuwa muuguzi na zamu za usiku tulilala kwa jirani. Lakini jirani yule alijua zamu za mwezi mzima mapema, karatasi ilibandikwa ukutani kwake. Zilipobadilishwa ghafla ndipo tulipolala kwa mtu tusiyemzoea. Ninachodai mimi hata mshonaji wa EPZ anakihitaji: ajulishwe mapema.

Meneja mmoja amesema vijana wapya hawajifunzi kitu kwa skrini. Hapo sibishani naye. Mimi kazi niliifunzwa kwa kukaa kando ya mtu aliyenizidi miaka kumi, na ningependa kuwafanyia vijana hivyohivyo. Ndiyo maana sikusema tusirudi. Kijana hajifunzi chochote kwangu saa kumi na moja na nusu jioni nikiwa naangalia saa ukutani. Niruhusuni nitoke saa tisa unusu, ripoti niimalizie usiku watoto wakilala.

Mwingine kaniambia, "Amazon waliwarudisha watu siku tano kuanzia Januari 2, 2025, nani wewe?" Waliwatangazia Septemba 2024. Ni zaidi ya miezi mitatu, muhula mzima wa shule kwa kalenda yetu. Mimi nilipewa siku tatu, mbili zikiwa za wikendi.

Na kwa aliyeshauri nimpeleke mdogo deikea: nimezunguka tatu hapa mtaani. Zote hufunga saa kumi na mbili jioni, na mtoto anayechelewa kuchukuliwa hutozwa faini. Saa hiyo mimi hata Bellevue, kituo cha njiani Mombasa Road, sijaifikia.

Ninachotaka kujua kutoka kwenu ni kimoja. Waliotia saini mikataba mipya baada ya 2022, kipengele cha mahali pa kazi kimeandikwaje? Tuleteeni maneno yenyewe, majina ya kampuni yaacheni. Dada ameomba ruhusa aende Mwingi likizo ya Agosti, nimemkubalia wiki mbili. Sijajua nani atakaa na watoto.