Ushauri: altrasaundi ya kupima mnofu wa wanakondoo hai

Mfugaji_Longido: Wakuu, habari za jioni. Nina wanakondoo chotara wa Dorper, nataka kuchagua madume ya mbegu. Napima unene wa sarara (mnofu wa mgongoni) kwa altrasaundi mnyama akiwa hai, ila nikirudia kwa yuleyule namba inabadilika. Nakosea wapi? Silali.

Kisu_Kikali: Mnofu unapimwa kwa kisu na mkaa. Nialike Jumapili.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, marehemu mzee wangu alibinya kiuno kwa vidole tu, mnadani hakuna aliyembishia. Tatizo lake lilikuwa kukopesha. Kuna mtu Namanga hadi leo hajalipa.

Vet_Mstaafu: Unapima sehemu gani? Waingereza hupima kwenye pingili ya tatu ya kiuno, Waaustralia kati ya ubavu wa 12 na wa 13. Chagua moja, usihame. Nyoa, paka jeli au mafuta ya kula, asimame mgongo umenyooka, na usikandamize, mafuta ya chini ya ngozi yanabonyea. Mashine gani?

Mfugaji_Longido: Ya kawaida tu, dokta.

Vet_Mstaafu: Ya kawaida ya wapi?

Mfugaji_Longido: Ya kituo cha afya. Shemeji ni muuguzi, wikiendi anatoka nayo, Jumatatu alfajiri ipo mahali pake. Tunaifuta vizuri kabisa. Na kuna mteja ameshatanguliza hela ya dume, nimemwahidi vipimo, siwezi kurudi nyuma.

Mama_Wawili: Jeli ya wajawazito unampaka kondoo? Muogope Mungu.

Vet_Mstaafu: Kichwa cha mashine hiyo kimepinda, kimetengenezwa kwa tumbo laini la mama. Mgongoni kwa kondoo kinagusa katikati tu, pembeni hewa. Unahitaji kilichonyooka. Na usilinganishe bila uzito na tarehe ya kuzaliwa, maana aliyezaliwa mapema lazima aonekane mnene.

Mfugaji_Longido: Tarehe sikuandika. Lakini kwa macho huyu dume ni bora, namba ni za kumridhisha mteja tu.

Mzee_wa_Fitina: Chai hii. Juzi kwenye uzi wa kideri ulisema unafuga kuku wa mayai.

Mfugaji_Longido: Kuku ni wa mke wangu!

Mzee_wa_Fitina: Weka picha ya kipimo.

Mfugaji_Longido: [picha] Haya, semeni sasa.

Vet_Mstaafu: Mkuu, itoe hiyo picha haraka. Pale juu kuna jina la mgonjwa na "wiki 22".

Kisu_Kikali: Mwambie mteja aongeze hela, dume lina mimba.