Nikifile bankrapsi Texas, kiwanja changu cha Kibaha nacho kinachukuliwa?

Mzaramo_Houston
Wakuu habari za majukumu. Niko Houston miaka kibao, bili ya hospitali na kredit kadi vimenizidi sasa nataka kufile Chapter 7, ile bankrapsi ambayo mali isiyolindwa inauzwa na madeni yanafutwa. Nyumba nimepanga, nina Camry ya zamani haina deni, 401(k) ya kazini (akiba ya uzeeni) na vitu vya ndani basi. Kinachoninyima usingizi ni kiwanja Kibaha, hati ina jina langu, kwa bei ya sahivi hakizidi milioni 20. Mdogo wangu anasema nimwandikishe mama kabla sijafile. Eti Wamarekani watajuaje mambo ya Kibaha?

bwashee77
Hamisha mzee kausha, hao hawana ofisi Kibaha 😂

DadaWaDallas
Bwashee usimponze mwenzio. Kaka zile fomu unasaini kwa kiapo na zinataka mali zako zote popote zilipo duniani, halafu kuna swali lake kabisa la ulichouza au kugawa ndani ya miaka 2. Ukimpa mama leo ukaja kufile, msimamizi anayepewa kesi yako ya kufilisika anaenda mahakamani kuutengua huo uhamisho, na ukificha unanyimwa kufutiwa madeni, yani umefilisika na madeni bado yako palepale, na kesi ya jinai juu, hadi miaka 5 jela. Steitimenti za benki anazisoma, akikuta umetuma hela ya hati na ya fundi wa uzio anakuuliza hizi za nini, na hapo umeshaapishwa.

Na wala huna haja ya kuficha! Kuna listi za mali ambazo hunyang'anywi, na Texas unaruhusiwa kuchagua listi ya jimbo au ya serikali kuu. Ya jimbo tamu kwa mwenye nyumba maana mjini inalinda nyumba unayoishi hadi eka 10 hata iwe ya mamilioni (kama umeinunua juzijuzi kuna kikomo). Wewe mpangaji chukua ya serikali kuu, ina fungu la kulinda kitu chochote kile, dola 1,675, na asiye na nyumba anaongezea mpaka 15,800 za fungu la nyumba, jumla 17,475. Milioni 20 ni kama dola elfu 8 hivi, kinaingia chote na chenji inabaki. Camry ina fungu lake, 5,025. 401(k) hawaigusi, usije ukaitoa kulipia kredit kadi, huo ujinga watu wanaufanya sana.

fundi_wa_Katy
Ongezea hapo, gari yenye mkopo hizo listi haziizuii benki, ni uendelee kulipa au wanaivuta. Na usianze kulipa ndugu kwanza. Kuna jamaa alimrudishia binamu yake elfu 2 kabla ya kufile, msimamizi akamfuata binamu azitapike, maana kwa ndugu wanaangalia mwaka mzima nyuma. Sahivi hawaalikani hata harusi.

Mzaramo_Houston
Duh ahsante dada, nimepumua. Na mchezo je? Tunacheza na washkaji hapa, zamu yangu ya kupokea ni mwezi wa tatu, nao niandike?

DadaWaDallas
Andika, hela unayodai ni mali. Inaingia kwenye ileile 17,475, kwa hiyo jumlisha na kiwanja na ya benki uone kama inatosha, ikizidi muulize loya mfile kabla au baada ya zamu yako. Na kiwanja tafuta mthamini akupe bei kwa maandishi, sio ya dalali kwa simu.