Prosesa inachemka kwenye kesi ndogo ya kompyuta, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya gemu nimeijenga kwenye DAN A4-SFX, kale kakesi ka lita 7 na ushee, unakabeba kwenye begi la mgongoni. Ndani kuna prosesa ya Ryzen 7 5700X na kipozeo cha Noctua NH-L9a chenye kimo cha milimita 37.

Shida ni joto. Nakaa Tabata, chumba hakina AC, na Dar ya mwezi wa pili mnaijua wenyewe. Nusu saa ya gemu prosesa inagonga nyuzi 88, na ukomo wake ni 90. Feni inalia kama cherehani mpaka mke wangu anauliza kuna nini kinaungua. Nimefungua, nimetoa vumbi (lilishakuwa zulia), nimepaka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo. Zimeshuka nyuzi tatu tu.

Kesi inaruhusu kipozeo cha hadi milimita 48. Thermalright AXP90-X47 kina 47, inabaki nafasi ya milimita moja! Aliyewahi kukifunga humo anijuze: feni haikwaruzi ubavu wa kesi? Kariakoo nimezunguka, wananionyesha vipozeo virefu vya mnara tu, mmoja akanishauri nitoboe kesi. Itabidi niagize China.

Au nianze na BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), nishushe prosesa toka wati 65 hadi 45? Naogopa kupoteza fremu, gemu lisianze kukwamakwama. Kipozeo cha maji msinitajie, moyo wangu mdogo.