Ncha nyeupe za mabawa kwa vifaranga vya Australorp weusi

Swali – mfugaji, Buswelu
Wakubwa shikamooni. Nina vifaranga 14 wa Australorp (aina ya kuku) wa wiki saba, wa mayai niliyouziwa kuwa ya wazazi weusi tii, lakini sita kati yao wana manyoya meupe kwenye ncha za mabawa. Je, nimechanganyiwa mbegu?

Jibu – Kisesa
Usimhukumu muuzaji mapema, ndugu yangu. Kifaranga wa aina hiyo huanguliwa akiwa mweusi mgongoni na mweupe au wa manjano tumboni na kwenye ncha za mabawa, na weupe huo huendelea katika manyoya ya kwanza mpaka yanapopukutika na kupisha yale ya utu uzima. Wangu walinitia wasiwasi hadi karibu miezi mitano. Geuza miguu utazame nyayo: ziwe nyeupe. Ukikuta miguu ya manjano au upanga wa kichwani usio wa bapa moja lililosimama, hapo hata mimi nitakuwa na shaka.

Jibu – Nyegezi
Naongeza habari ya chakula, kwani upungufu wa lisini (kijenzi cha protini) au madini ya chuma unaweza kufifisha rangi ya manyoya. Sisi wa kando ya ziwa dagaa wa kuziba upungufu huo tunao, ila wachekeche mchanga kwanza.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimegeuza nyayo za wote 14, zote nyeupe, na mmoja amenichafulia shati. Muuzaji nilikwisha mpigia kwa ukali. Jioni nitampigia tena.