Goti la mama: unga wa mitishamba au vidonge? Nataka kununua wiki hii

Kitindamimba: Wakuu habari zenu. Bi mkubwa goti linamtesa, hata kuinuka kwenye kiti ni shughuli. Rafiki yake kamsifia unga wa mitishamba, anadai yeye umemponesha kabisa, na mama hasikii wala haambiliki, anautaka huo. Mimi namwambia vidonge vya maumivu vya diklofenaki ndiyo mkombozi. Hela iliyopo inatosha kimoja tu. Kipi bora? Tafadhali msiniambie "nenda hospitali", tulishakwenda.

KipimoKwanza: Mlikwenda, wakasema nini? Ana umri gani? Ana presha, sukari, vidonda vya tumbo? Ni goti moja au yote mawili? Linavimba na kuwa la moto? Akiamka asubuhi linakaza kwa dakika chache au saa nzima? Jongo, baridi yabisi na kusagika kwa gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) vyote vinauma gotini, ila tiba zake haziko sawa. Umetaja dawa mbili, mgonjwa hujamtaja.

MziziMkavu: Hamna haja ya maswali yote hayo. Manjano na pilipili manga, basi. Manjano peke yake mwili hauyafyonzi vizuri, pilipili manga ndiyo inayasaidia. Vidonge achana navyo, vinamaliza figo.

KipimoKwanza: Pilipili manga inafanya hivyo kwa kuchelewesha mwili kuivunja kurkumini, ile kemikali ya kwenye manjano. Inaweza kuchelewesha na dawa nyingine anazomeza. Na kama anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, manjano ya kiwango cha dawa yanaweza kumtoa damu. Ndiyo maana nauliza.

BintiShangazi: Kitindamimba, mdogo wangu, nisikilize kuhusu huo unga. Baba mkwe wangu naye aliletewa wa kwake, kopo halina maandishi zaidi ya "viungo na mifupa". Siku chache tu mzee anatembea bila fimbo, nyumba nzima tunamshukuru muuzaji. Hamu ya kula ikarudi, mashavu yakajaa, tukasema mzee amenawiri. Kumbe ule ulikuwa uvimbe. Sukari, ambayo hakuwahi kuwa nayo, ikapanda. Ngozi ya mikono ikawa laini, akijigusa kidogo tu anapata alama nyeusi. Unga ulipokwisha na muuzaji hapatikani, mzee akaanguka: hana nguvu, anatapika, presha imeshuka chini kabisa. Daktari alipomwona uso tu akauliza, "Huyu anatumia steroidi gani?" Sisi tunaapa hatumii dawa yoyote, ni miti tu. Kumbe unga ulikuwa na steroidi, mwili wake ukazoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje, ukaacha kutengeneza ya kwake. Kupona kulichukua muda mrefu, maana ilibidi apewe steroidi halali halafu apunguziwe taratibu. Tangu hapo dawa ya asili inayotuliza goti kwa kasi ile mimi naiogopa.

KipimoKwanza: Pole sana dada. Na si huyo muuzaji peke yake. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha watu kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Walipoipima wakakuta diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na kwenye lebo hazikuandikwa.

MziziMkavu: Hao ni matapeli, msiibebeshe miti lawama. Na nyie wa viwandani mbona hamuitaji Vioxx? Ilikuwa dawa ya viungo hiyo hiyo, Merck wakaiondoa sokoni 2004 kwa ajili ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ilikuwa na lebo nzuri tu.

FundiMkongwe: Kwani hizo dawa zenu zimetoka wapi? Aspirini ni gome la mwerebi.

KipimoKwanza: Si gome lenyewe mzee wangu. Gome lina salisini. Asidi iliyotokana na hiyo ilikuwa inachoma tumbo, na mwaka 1897 pale Bayer wakaibadilisha kikemia kupata aspirini. Na bado inachoma.

FundiMkongwe: Mti ni mti.

Kitindamimba: Jamani mnagombana wenyewe. Haya: miaka 67, daktari alisema gegedu limesagika, goti la kulia zaidi. Alipewa parasetamoli, anasema ni kama anameza chaki. Presha anayo, anatumia vidonge viwili, kimoja cha kupunguza maji mwilini. Vidonda vya tumbo ni vya zamani.

KipimoKwanza: Ungeanza na haya! Diklofenaki ya kumeza juu ya dawa mbili za presha, kimojawapo cha maji, figo zinaweza kufeli. Na tumbo lenye historia ya vidonda ndilo linalotoboka. Muulize daktari kuhusu jeli ya diklofenaki ya kupaka, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Na mazoezi ya kukaza misuli ya paja, ingawa siku za mwanzo atanung'unika.

MziziMkavu: Krimu ya pilipili kali nayo inapakwa, na ni mmea.

KipimoKwanza: Hiyo sikupingi. Anawe mikono vizuri tu, asiguse macho.

FundiMkongwe: Apunguze mwili kwanza. Kilo moja ikitoka, goti linapunguziwa mzigo wa kilo nne kila hatua.

BintiShangazi: Nani kakwambia mama wa mtu ni mnene? Mimi mwembamba kama fito na magoti yananilia.

FundiMkongwe: Basi ni baridi. Wewe unalala na feni.

Kitindamimba: Feni tena? Wakuu, mama kaniambia sasa hivi unga ameshauagiza kwa rafiki yake.

BintiShangazi: Ukifika piga picha lebo utuwekee hapa kabla hajaonja.

Kitindamimba: Nimeuliza. Unakuja kwenye mfuko wa nailoni.

Mpita_Njia: Samahani kwa kuingilia. Hiyo jeli inafaa na kwa bega?

MziziMkavu: Bega ni manjano, mkuu.