Naomba ushauri: bapa za modeli yangu zinainama

Ndugu wanachama, habari zenu. Ninajifunza kujenga modeli dhahania za pande tatu, vijiti vya mishikaki vikiwa mistari na kadibodi zikiwa bapa (yaani nyuso tambarare), kwa kufuata nyumba ya Schröder iliyosanifiwa na Gerrit Rietveld mjini Utrecht, Uholanzi, mwaka 1924, ambayo bapa na nguzo zake hupitana badala ya kufungana kwenye kona. Kila bapa linalotokeza nje ya vijiti huinama kabla gundi nyeupe haijakauka. Nimejaribu vibanio vya nguo, kisha kadibodi mbili zilizogandishwa pamoja, lakini modeli ikawa nzito na wepesi, ambao kwangu ndio uzuri wenyewe, ukapotea. Je, nikate mwanya kwenye kadibodi ili kijiti kipenye, au nibadilishe gundi? Tena, nianze na fremu ya vijiti au na bapa?